Je, Wajua? Tamasha Zima Ndani ya Kivinjari

Je, wajua kwamba kuna bendi iliyowatengea "wezi" wake sehemu yao ukumbini? Grateful Dead ya California, iliyopiga maonyesho yapata 2,300 kuanzia 1965 hadi 1995, ilikuwa na mashabiki waliosimamisha msitu wa maikrofoni hadi fundi mitambo haoni jukwaa. Oktoba 1984, mjini Berkeley, ikaanza kuwauzia warekodi tiketi zao na kuwahamishia nyuma ya meza ya fundi huyo. Sharti: kanda ni za kubadilishana, si za kuuza.

Je, wajua jina la etree, jumuiya ya mtandaoni ya kubadilishana rekodi za matamasha, limetoka wapi? Kwenye "mti" wa kanda. Mwenye kanda ya kwanza alinakilia matawi, matawi yakanakilia majani, na kila nakala ikazidisha mvumo. (Waliokulia kwenye kanda za taarab zilizorekodiwa harusini Mombasa wanaujua mvumo huo.) Jumuiya hiyo, iliyoanza 1998, ilishirikiana na Internet Archive ya San Francisco mwaka 2002 kufungua hazina ya muziki wa jukwaani. Leo ina rekodi zaidi ya 250,000, za wasanii walioridhia.

Je, wajua kwamba ukitaka kujenga programu ya kusikilizia matamasha huhitaji kuhifadhi hata wimbo mmoja? Programu ya Relisten, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, huchota faili nyingi kutoka hazina hiyohiyo. Kinachobaki ni kupanga na kupiga. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya wikiendi. Thubutu!

Je, wajua kwamba onyesho moja linaweza kuwa na rekodi chungu nzima? Lile la Grateful Dead katika Chuo Kikuu cha Cornell, Mei 8, 1977, lipo lililonaswa mezani kwa fundi, lipo lililonaswa katikati ya umati, na lipo lililochanganywa yote mawili. Ukiweka "onyesho" na "rekodi" katika jedwali moja la hifadhidata, umejichimbia kaburi. Na tarehe ianze na mwaka: 1977-05-08. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano, na hakuna Mmarekani atakayeisoma kuwa Agosti 5.

Je, wajua adui mkubwa wa programu hizi? Ukimya. Bendi kama Grateful Dead haimalizi wimbo. Inateleza kutoka mmoja kwenda mwingine, ngoma zikiendelea. Lakini faili zimekatwa wimbo kwa wimbo, na kivinjari kikiambiwa "sasa piga faili ya pili" husitasita kidogo. MP3 nayo huongeza chumvi kwenye kidonda, maana hufungasha sauti katika vipande vya sampuli 1,152, na nafasi inayobaki huijaza ukimya mwanzoni na mwishoni.

Dawa ipo: kufumbua wimbo wote mapema na kuupangia sekunde kamili ya kuanza. Dawa hiyo ina gharama yake. Wimbo wa dakika 10 uliofumbuliwa hula takriban megabaiti 212 za kumbukumbu, na simu ya bei nafuu inaweza kuzima programu katikati ya solo ya gitaa. Ndiyo maana wajenzi wengine huanza kupiga kwa njia ya kawaida, kisha huhamia kimyakimya kwenye sauti iliyofumbuliwa ikiwa tayari. Ujanja wa kondakta anayebadilisha dereva gari likiwa mwendoni.

Je, wajua tamasha la saa 3 kwa ubora wa CD ni takriban gigabaiti 1.9? FLAC, mfumo wa kubana sauti uliotolewa rasmi 2001, hulipunguza hadi kama nusu au zaidi kidogo bila kupoteza hata chembe ya sauti. MP3 ya kilobiti 128 hufika megabaiti 173. Wanaosikiliza kwa bando hawahitaji kushauriwa.

Je, wajua kwamba unaporukia dakika ya 40, kivinjari hakipakui zile 39 za mwanzo? Huomba kipande tu, na seva hujibu kwa namba 206.

Je, wajua kwamba tangu 2018 Chrome huzuia sauti isijianzishe yenyewe? Mtumiaji aguse kwanza.

Na wajua kwamba Septemba 1978 Grateful Dead ilipiga mbele ya piramidi za Giza? Usiku wa tarehe 16, mwezi ukiwa umepatwa, mpiga udi Hamza El Din, Mnubia wa Misri, alianza na wenzake kwa tari na makofi. Wanabendi wakajiunga taratibu, hadi makofi yakageuka kuwa "Fire on the Mountain". Programu yako ikiumaliza mpito huo bila kukatika, iweke hewani.