MAELEZO KWA WANANCHI: UFUGAJI WA SAMAKI WA MATUMBAWE MBALI NA BAHARI

Wananchi wanaarifiwa kwamba samaki wadogo wa jenasi ya Amphiprion, waishio kati ya minyiri ichomayo ya anemoni ya bahari, wanaweza kufugwa katika tangi la kioo hata katika mji wa bara kama Moshi, ulio takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba mfugaji hutengeneza maji kwanza. Samaki huja mwisho.

Maji ya bomba huachwa yaishe klorini, kisha hutiwa chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 kwa kila lita, yaani gramu 700 kwa ndoo ya lita 20. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina kalsiamu na magnesi kwa kiasi kilichomo baharini. Maji yanapopungua kwa kugeuka mvuke, chumvi hubaki. Kwa hiyo huongezwa maji yasiyo na chumvi.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waotao katika chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea. Samaki akitiwa siku ya kwanza, aghalabu hufa, na mwenyewe asijue sababu.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, hasa sehemu za juu kama Marangu na Machame, tangi haliwezi kukaa bila kifaa cha kupasha maji joto. Umeme ukikatika, tangi lifunikwe blanketi, na maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena mara kwa mara ili yapate hewa.

Aidha, katika kila kundi la samaki hao jike ni mmoja tu, naye ndiye mkubwa kuliko wote. Akivuliwa, dume mkubwa hugeuka jike, lakini uzazi husimama kwa muda. Matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 kutokana na joto la bahari; hasara juu ya hasara haifai. Katika hifadhi ya matumbawe ya Chumbe, Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 1994, uvuvi umepigwa marufuku.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa kutafuta samaki waliozaliwa katika matangi. Hao huishi vyema bila anemoni, ambayo ni ngumu zaidi kuitunza. Asiyeweza kutimiza masharti haya ni bora asianze kufuga, na samaki abaki baharini.