Ni mji upi unaostahili timu mpya ya vikapu?

JUMAMOSI moja nikiwa Gikomba pamoja na mwanangu wa gredi ya sita, tukitafuta viatu vya kuchezea, kijana mmoja wa mitumba alitutandazia fulana ya kijani iliyoandikwa "Sonics" kifuani na nambari 40 mgongoni. "Mzee, hii ni kamera. Hutaipata kwingine," alisema. Alitaka Sh500.

Mwanangu anazijua timu zote 30 za ligi ya NBA ya Marekani kama anavyowajua binamu zake. Aliigeuza fulana ile mara mbili, kisha akaniuliza: "Baba, hii ni timu ya wapi?"

Nilimjibu kwamba ni ya Seattle, mji wa bandari ulio pembe ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kwamba timu yenyewe haipo tena. Akataka kujua ilikufaje. Haikufa, nikamwambia. Iliuzwa, kisha ikahamishwa na mwenyewe. Maneno hayo hayakumwingia akilini hata kidogo, na simlaumu.

Kisa hicho ndicho kilicho kiini cha mjadala ambao umekuwa ukiendelea miongoni mwa wapenzi wa mpira wa vikapu. Mara ya mwisho NBA kuongeza timu ilikuwa 2004. Mnamo 2025 wamiliki wa timu waliiagiza ofisi ya ligi hiyo ichunguze kwa makini suala la kuongeza nyingine, na majina mawili yakatajwa kuliko yote: Seattle na Las Vegas. Wako wengine pia wanaopiga foleni mlangoni. Je, ni nani hasa anayestahili?

Kabla ya kujibu, yafaa msomaji aelewe jambo moja linalotutatiza sisi wa huku. Klabu kama Gor Mahia na AFC Leopards zilianzishwa na jamii ya watu, na ni za wanachama. Zinaweza kuyumba kifedha, viongozi wake wanaweza kuvutana mashati, lakini hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaipakia Gor kwenye lori na kwenda nayo mji mwingine. Marekani inawezekana. Timu ni mali ya mtu, kama duka au shamba. Mashabiki wana nyimbo, kofia na kumbukumbu. Hati ya umiliki anayo mwingine.

Seattle waliipata Sonics mnamo 1967, kwa ada ya dola milioni 1.75. Timu hiyo ilicheza misimu 41 mjini humo. Ilitwaa ubingwa mnamo 1979 chini ya kocha Lenny Wilkens, na mnamo 1996 ikafika fainali baada ya kushinda mechi 64 za msimu. Bahati mbaya ni kwamba huo ulikuwa mwaka wa Chicago Bulls ya Michael Jordan, iliyokuwa imeshinda 72. Seattle ilizabwa 4-2. Nambari 40 ya ile fulana ilikuwa ya Shawn Kemp, jitu lililokuwa likiruka na kusokomeza mpira kwenye pete kana kwamba lina ugomvi nayo. Kaka yangu mkubwa alikuwa na picha yake, aliyoikata kwenye gazeti na kuibandika ukutani juu ya kitanda kwa uji wa unga.

Mnamo 2001 timu ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Howard Schultz, yule tajiri wa maduka ya kahawa ya Starbucks, kwa dola milioni 200. Baada ya miaka mitano akalalamika kwamba ukumbi wa KeyArena, uliokuwa umekarabatiwa mwaka wa 1995 tu, ulikuwa mdogo na haumletei faida. Aliomba msaada wa fedha za umma. Alipoukosa, akaiuza timu mnamo 2006 kwa dola milioni 350 kwa matajiri kutoka Oklahoma City, wakiongozwa na Clay Bennett.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wenye mali wapya walitaka ukumbi mpya katika kitongoji cha Renton, wa gharama ya takriban dola milioni 500, sehemu kubwa ikitokana na kodi. Lakini Novemba 2006 wakazi wa Seattle walikuwa wamepiga kura na kusema, kwa karibu robo tatu ya kura zote, kwamba jiji lisitoe fedha za umma kwa timu za kulipwa ila tu kama litapata faida isiyopungua ile ya bondi za serikali. Fikiria busara ya sharti hilo. Hawakusema hawaipendi timu. Walisema: ukitaka pesa zetu, zirudishe na riba kama anavyofanya mkopaji mwingine yeyote.

Bunge la jimbo pia lilikataa kuutolea fedha ukumbi wa Renton. Agosti 2007, mmoja wa wamiliki, Aubrey McClendon, aliropokwa kwa mwanahabari kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle. Ligi ikamtoza faini ya dola 250,000, nadhani zaidi kwa kusema kuliko kwa kukusudia. Jiji lilikwenda mahakamani likitaka mkataba wa kukodi ukumbi uheshimiwe hadi 2010. Julai 2008 pande mbili zikapatana: wamiliki walipe dola milioni 45 waende zao, na jina la Sonics na rangi vibaki Seattle vikingoja timu nyingine. Oklahoma City ikapata wachezaji, pamoja na kijana aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza, Kevin Durant. Seattle ikabaki na jina.

Sasa, tusiwaonee watu wa Oklahoma City. Kimbunga Katrina kilipoiharibu New Orleans mnamo 2005, wao ndio waliowapokea Hornets kwa misimu miwili, wakajaza ukumbi. Machi 2008 walipiga kura kuongeza senti moja katika kila dola ya ununuzi ili kuutengeneza ukumbi wao. Desemba 2023 walikubali tena, kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura, kuchangia ujenzi wa ukumbi mpya wa angalau dola milioni 900. Na mnamo 2025 timu yao, Thunder, ikatwaa ubingwa. Mtoto aliyezaliwa huko 2008 hajui timu nyingine, na hana kosa lolote.

Lakini tazama mizani yenyewe. Mji mmoja ulikubali kulipa, ukapewa. Mwingine ulikataa, ukanyang'anywa. Neno "kustahili" katika biashara hii limekuwa na maana moja tu: ni nani aliye tayari kumjengea tajiri nyumba. Hata Charlotte, ambayo wengi huitaja kama mfano wa mji uliopokonywa timu na kurudishiwa, ilipitia mlango huo huo. Hornets waliihama mnamo 2002, na miaka miwili tu baadaye ikapewa timu nyingine. Katikati ya hayo, jiji lilikubali kujenga ukumbi mpya kwa fedha za umma.

Seattle, baada ya kupoteza, nayo ilijaribiwa na shetani yuleyule. Mwanzoni mwa 2013, kundi la tajiri Chris Hansen lilikubaliana na wenye Sacramento Kings kuinunua timu hiyo na kuihamishia Seattle. Yaani watu waliolia kwa kuporwa walikuwa tayari kufurahia mwana aliyeporwa kwa jirani! Meya wa Sacramento, Kevin Johnson, ambaye mwenyewe aliwahi kucheza NBA, alihangaika huku na huko hadi akapata wanunuzi wengine na kuahidi ukumbi mpya. Mei mwaka huo wamiliki walipiga kura 22 kwa 8 kukataa uhamisho. Binafsi nafurahi walikataa. Timu ya Seattle iliyopatikana hivyo ingekuwa na doa lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niweke kura yangu, kama ningekuwa nayo, kwa Seattle. Ukumbi ule ule ulioitwa kachara umejengwa upya na kufunguliwa Oktoba 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena. Paa lake la mwaka wa 1962, lenye uzani wa takriban tani 20,000, linalindwa kama kumbukumbu ya kihistoria. Kwa hivyo mafundi waliliegemeza juu ya nguzo, wakachimba chini yake, wakajenga ukumbi mzima likiwa linaning'inia. Gharama ilipita dola bilioni moja, na iligharimiwa na wafanyabiashara wenyewe. Wale wapiga kura wa 2006, waliobezwa kuwa hawajui thamani ya timu, walikuwa sahihi. Pesa za kujengea zilikuwako muda wote. Zilikuwa mifukoni mwa watu wengine.

Na usidhani mji ulikaa bila vikapu. Sonics ilipouzwa, timu ya wanawake ya Storm iliuzwa pamoja nayo, kama ndama anayefuata ng'ombe. Mapema 2008 wanawake wanne wa Seattle walijitokeza wakainunua kwa dola milioni 10 ili isihamishwe. Baada ya hapo Storm imetwaa ubingwa wa WNBA mara tatu: 2010, 2018 na 2020. Habari hii haisimuliwi sana wanaume wanapokaa kubishana kuhusu Sonics. Ingefaa isimuliwe kwanza.

Las Vegas nayo ina hoja. Zamani ligi ziliuogopa mji huo kwa sababu ya kamari. Hofu hiyo imepitwa na wakati: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2018 ulioziruhusu serikali za majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, iko mfukoni mwa kila mwenye simu katika sehemu kubwa ya Marekani, kama ilivyo hapa kwetu. Mashabiki pia wameonekana. Timu ya magongo ya barafuni ya Golden Knights ilianza 2017 na kutwaa kombe mnamo 2023, na wanawake wa Aces walikuwa mabingwa wa vikapu 2022, 2023 na 2025. Kinachonikereketa ni kwamba Vegas imezoea kula vya wenzake. Raiders walihamia huko 2020 kutoka Oakland, wakasaidiwa na dola milioni 750 za kodi ya vyumba vya hoteli kujenga uwanja. Angalau timu mpya ya vikapu haitakuwa imeng'olewa kwa mtu.

Wengine nitawataja kwa haraka. St. Louis ilikuwa bingwa mnamo 1958, timu ikahamia Atlanta miaka kumi baadaye. Kansas City ilipoteza yake 1985. Mexico City ina watu tele na tangu 2021 ina timu katika ligi ndogo ya NBA, ila iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu hata kuliko Eldoret, na wageni wangehema kabla ya robo ya pili. Ninayemwonea huruma ni Vancouver ya Kanada. Ilipewa timu 1995, ikanyang'anywa 2001 kabla watoto hawajajifunza kuipenda. Hata hivyo iko kilomita 230 hivi kutoka Seattle, kama Nairobi hadi Mtito Andei, kwa hivyo mashabiki wake wataweza kuvuka mpaka.

Huenda msomaji akauliza mbona wamiliki wamekawia hivi. Ni hesabu tu. Mkataba wa runinga ulioanza msimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 na thamani ya takriban dola bilioni 76. Kuugawa kwa 32 badala ya 30 kunapunguza fungu la kila mmoja. Kwa upande mwingine, timu mpya hulipa ada ya kuingia, na ada hiyo hugawanywa na wamiliki peke yao, wachezaji hawaonji. Mwaka wa 2004 ilikuwa dola milioni 300. Mwaka wa 2025 timu ya Boston iliuzwa kwa dola bilioni 6.1, karibu Sh790 bilioni. Tuseme basi kila mgeni atozwe dola bilioni 5: kila mmiliki wa zamani angepata zaidi ya dola milioni 330 bila kurusha mpira hata mara moja.

Fulana tuliichukua kwa Sh300. Jioni ile mwanangu alitaka kujua kama kuna mchezaji yeyote anayekumbuka. Nilimsimulia kuhusu Oktoba 2018, siku ya mechi ya mwisho ya NBA katika KeyArena kabla ya kubomolewa ndani. Ilikuwa mechi ya kirafiki kati ya Golden State na Sacramento. Durant, ambaye wakati huo alikuwa wa Golden State, alipoitwa jina alitoka amevaa jezi ya Sonics, nambari 40, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe.