Fahamu msumeno ufaao kukatia sakafu ya lamineti

SAKAFU ya vibao vya lamineti imewavutia wengi kwa sababu hufanana na mbao halisi, na vibao vyake hushikana bila misumari. Hata hivyo, mwenye nyumba anayeamua kujifanyia kazi hii huenda akaharibu vibao vya thamani kubwa asipochagua kifaa kinachofaa.

Kibao cha lamineti hutengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kisha kufunikwa kwa picha ya mbao na utando mgumu. Utando huo huwa na oksidi ya alumini, ambayo pia hutumiwa kutengeneza msasa. Ndiyo maana msumeno wa kawaida hupoteza makali upesi.

Jambo la kwanza ni kufahamu mwelekeo wa meno. Uso wa kibao humeguka pale meno yanapotokea, wala si pale yanapoingilia.

Kwa chumba kimoja, msumeno wa mkono wenye meno madogo yaliyokaribiana hutosha. Kibao hulazwa uso ukiwa juu, kwani msumeno huo hukata unaposukumwa chini.

Msumeno wa umeme wa jigso hufaa kwa mikato ya kupinda, mathalani kuzunguka mabomba na miimo ya milango. Kwa kuwa meno yake ya kawaida hukata yakipanda, kibao sharti kipinduliwe. Hali ni hiyo hiyo kwa msumeno wa mviringo unaoshikwa mkononi, ambao hufaa zaidi kupasua kibao kwa urefu. Anayepindua kibao akumbuke kwamba kushoto hugeuka kuwa kulia, la sivyo atakata upande usiofaa.

Kwa wanaoishi katika nyumba za ghorofa, kipo kikatio cha mkono chenye mpini mrefu. Hakitumii umeme, hakina kelele nyingi wala vumbi. Kasoro yake ni kwamba hukata mistari iliyonyooka pekee.

Aidha, si lazima kila mkato uwe safi kabisa. Kandokando ya kuta huachwa nafasi ya takriban milimita 8 hadi 10 ili sakafu ipate kutanuka, na nafasi hiyo hufunikwa kwa ubao wa ukutani. Uangalifu mkubwa unahitajika kwa mikato itakayobaki wazi, hasa mlangoni.

Isitoshe, afya isipuuzwe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Ni vyema kukatia nje, kuvaa barakoa na miwani ya kukinga macho, na kuchomoa waya wa umeme kabla ya kubadilisha ukataji.

Kabla ya kuanza, jaribu msumeno kwa kipande kisichohitajika. Kibao kikishakatwa kifupi hakirefushwi tena.