Jinsi vipande vya ramani vinavyoamua hesabu ya maji ya Mto Njoro na Ziwa Nakuru

WAKAZI wa Mwariki na Barut, mitaa iliyo kando ya Ziwa Nakuru, walishuhudia maji yakiingia katika mashamba na nyumba zao katika miaka iliyofuata 2010. Swali lililobaki vinywani mwa wengi ni moja: je, ziwa litarudi nyuma au litazidi kusonga mbele?

Jibu la swali hilo hutafutwa siku hizi kwa kompyuta. Wataalamu huingiza takwimu za mvua, udongo, misitu na mashamba katika programu maalum, nayo programu hukadiria kiasi cha maji kitakachofika mtoni, kitakachozama ardhini na kitakachopaa angani kama mvuke.

Hata hivyo, kompyuta haiijui Njoro wala haijawahi kuuona Msitu wa Mau. Inachokiona ni vipande vya ardhi alivyoichorea mtaalamu, pamoja na tabia aliyokipa kila kipande. Vipande vikichorwa vibaya, hata mvua ikipimwa kwa uangalifu wa namna gani, jibu litapotoka.

Kwa sababu hiyo, yafaa wananchi, madiwani na maafisa wanaopokea ripoti za aina hii wafahamu jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Bonde lenye historia ya utafiti

Mto Njoro ni mfano mwema. Huanzia katika miinuko ya Mau Mashariki, hupita Nessuit na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha mji wa Njoro, na kuteremka kuelekea Ziwa Nakuru lililo takriban mita 1,759 juu ya usawa wa bahari. Bonde lake lina ukubwa wa takriban kilomita 280 mraba.

Bonde hilo limechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Egerton wakishirikiana na wenzao wa Marekani. Mwaka wa 2013, watafiti Tracy Baker na Scott Miller walichapisha matokeo ya uchunguzi wao uliotumia programu iitwayo SWAT, ambayo ilibuniwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na hutolewa bila malipo.

Walilinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali, wakaona kwamba kadiri msitu ulivyogeuzwa kuwa mashamba, ndivyo maji yanayotiririka juu ya ardhi yalivyoongezeka na yale yanayozama ardhini yalivyopungua. Sehemu za juu zilizokuwa na msitu ndizo zilizoathirika zaidi.

Ikumbukwe kwamba mwaka wa 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka orodha ya misitu iliyohifadhiwa. Ramani inayotangulia mwaka huo na ramani inayoufuata zitatoa majibu mawili tofauti kuhusu mto ule ule, hata kama mvua ni ile ile.

Kugawa bonde

Hatua ya kwanza katika programu ya aina hii ni ramani ya miinuko. Sehemu kubwa ya takwimu zinazotumika ilikusanywa mwezi Februari mwaka wa 2000, wakati chombo cha anga cha Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima sura ya nchi kwa rada.

Ramani hiyo ni mkusanyiko wa miraba midogo, kila mraba na kimo chake. Kompyuta huuliza kila mraba swali moja: tone likianguka hapa, litaelekea mraba gani wa jirani? Kwa kufuata majibu hayo, huchora mito na kuligawa bonde katika vijibonde, kila kijibonde na mkondo wake.

Hapa mtaalamu hufanya uamuzi wa kwanza. Lazima aamue ni eneo kubwa kiasi gani linalopaswa kukusanya maji kabla mkondo haujahesabiwa kuwa mto. Akitaja eneo kubwa, vijito vingi vya Mau vitatoweka katika ramani. Akitaja dogo mno, kompyuta itachora mito mahali ambapo mkulima hajawahi kuona hata mfereji.

Hatua ya pili ni kutandaza ramani tatu juu ya kila kijibonde: ya matumizi ya ardhi, ya aina ya udongo na ya ukali wa mteremko. Mahali penye mahindi, udongo wa aina moja na mteremko wa kiwango kimoja huwekwa pamoja kuwa kipande kimoja. Mahali penye msitu katika udongo huo huo huwa kipande kingine.

Vipande hivyo ndivyo moyo wa hesabu yote. Kila kimoja hupokea mvua yake, hunywesha mimea yake, hupitisha maji yake chini na kumwaga mabaki yake mtoni.

Kwa nini wastani haufai

Huenda mtu akauliza: kwa nini wasichukue tu wastani wa bonde zima wakamaliza kazi? Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari yake.

Programu nyingi hutumia namba inayopima jinsi ardhi inavyotiririsha maji, iliyobuniwa na idara ya uhifadhi wa udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Namba hiyo huelekea 100 pale ambapo karibu maji yote hutiririka, na hushuka pale ambapo ardhi hunywa maji mengi.

Tuchukue kijibonde cha mfano chenye kilomita 2 mraba. Nusu yake ni msitu wenye namba 60, na nusu nyingine ni shamba lililolimwa lenye namba 80. Mvua ya milimita 50 inanyesha kwa siku moja.

Kwa kanuni hiyo, msitu utatiririsha milimita 1.4 pekee, ilhali shamba litatiririsha milimita 13.8, karibu mara kumi zaidi. Kwa jumla, mto utapokea takriban mita 15,200 za ujazo.

Sasa mtaalamu akiamua kutumia wastani wa namba 70 kwa kijibonde chote, kompyuta itahesabu milimita 5.8, yaani mita 11,600 za ujazo. Mita 3,600 za ujazo zimepotea katika karatasi, lakini mtoni zitapita vilevile. Hayo ni maji ya kujaza malori 360 yenye uwezo wa kubeba lita 10,000 kila moja.

Ikiwa kosa hilo litarudiwa katika vijibonde vyote kuanzia Nessuit hadi Rhonda, mhandisi anayepanga ukubwa wa daraja atajenga daraja dogo kuliko mto.

Vipande vinavyofutwa

Uamuzi wa pili hufanyika kimyakimya na mara nyingi hautajwi katika muhtasari wa ripoti. Ili kupunguza wingi wa vipande, mtaalamu huweza kuiagiza programu ifute kila aina ya ardhi isiyofikia kiwango fulani cha kijibonde, kwa mfano asilimia 10. Eneo lililofutwa hugawiwa aina zilizobaki.

Tuseme kijibonde kina hekta 2,000, na kando ya mto umebaki ukanda wa miti wa hekta 120. Ukanda huo ni asilimia 6 tu, kwa hivyo utafutwa na kugeuzwa mahindi au malisho. Kompyuta itaendelea na kazi bila kulalamika.

Lakini ukanda huo ndio unaozuia udongo usiingie mtoni, na ndio ambao vyama vya watumiaji maji hujitahidi kuulinda. Ripoti iliyoufuta haiwezi kusema lolote kuhusu faida ya kuuhifadhi. Hali kadhalika, vinamasi vidogo na mitaa ya mabati iliyobanana huweza kupotea kwa njia hiyo hiyo, ingawa mtaa wa mabati hutiririsha karibu kila tone.

Aidha, katika SWAT vipande vya aina moja ndani ya kijibonde kimoja huunganishwa hata kama viko mbalimbali. Shamba la mahindi lililo kilimani na jingine lililo ukingoni mwa mto huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Anayetaka kujua faida ya kupanda miti ukingoni hasa, wala si kilimani, hana budi kuchora vijibonde vidogo zaidi.

Ziwa lisilo na ukubwa mmoja

Uamuzi wa tatu unahusu ziwa lenyewe. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kupitia mito Njoro, Makalia na Enderit, chemchemi, mvua na maji yaliyosafishwa kutoka mjini, kisha hutoka hasa kwa kugeuka mvuke. Kwa hivyo upana wa ziwa ndio mlango wake wa kutokea maji.

Mwaka wa 2010 ziwa lilikuwa na takriban kilomita 40 mraba. Kufikia mwaka wa 2020 lilikuwa limepita kilomita 60 mraba, na lango kuu la zamani la mbuga lilikuwa limemezwa na maji.

Tukichukulia kwamba jua huondoa mita 1.8 za maji kwa mwaka, ziwa la kilomita 40 mraba litapoteza mita milioni 72 za ujazo. Likifika kilomita 60 mraba litapoteza milioni 108. Programu iliyopewa ziwa lenye ukubwa usiobadilika haitaiona tofauti hiyo.

Kimo nacho kitapotoka. Mita milioni 20 za ujazo zikiongezwa juu ya kilomita 40 mraba, maji hupanda kwa nusu mita. Juu ya kilomita 60 mraba hupanda kwa sentimita 33 tu. Kwa mkazi wa Mwariki, tofauti hiyo ya sentimita 17 yaweza kuwa kizingiti cha mlango wake.

Ndiyo maana mtaalamu makini huipa programu jedwali linaloonyesha ukubwa wa ziwa na wingi wa maji yake kwa kila kimo. Jedwali hilo hutokana na kupima kina cha ziwa kwa mashua pamoja na sura ya ardhi inayolizunguka, na lazima lifike hadi ardhi ambayo leo ni kavu.

Funzo la Naivasha

Hesabu iliyofanywa vyema huweza kufichua jambo lisiloonekana kwa macho. Mwaka wa 2002, Robert Becht na David Harper walichapisha hesabu ya maji ya Ziwa Naivasha, mwezi baada ya mwezi, kuanzia mwaka wa 1932.

Kwa nusu karne, kimo kilichohesabiwa kilikaribiana mno na kimo kilichopimwa ziwani. Kuanzia mwaka wa 1982 viwili hivyo viliachana, na kufikia mwisho wa mwaka wa 1997 ziwa lilikuwa mita 3 hadi 4 chini ya pale lilipopaswa kuwa. Mwaka wa 1982 ndipo kilimo kikubwa cha maua na mboga kilipoanza kando ya ziwa.

Bila hesabu hiyo, upungufu ungeweza kulaumiwa kiangazi. Nayo isingeaminika kama isingepatana na vipimo vya miaka 50 iliyotangulia. Hicho ndicho kipimo cha mwisho cha vipande vyovyote vilivyochorwa: je, vinaweza kueleza yaliyokwisha kutokea?

Yasiyoonekana kutoka angani

Hata ramani bora ina upofu wake. Mnamo Aprili 29, 2024, mafuriko yaliwaua makumi ya watu karibu na Mai Mahiu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba, maji yakarundikana nyuma yake, kisha yakapasua tuta.

Njia kama hiyo haionekani katika miraba iliyopimwa kutoka angani. Kompyuta huliona tuta kama kilima, au hulikosa kabisa. Ni mtu aliyetembea mahali hapo anayeweza kuiambia programu kwamba maji hupita hapa, na kwamba tundu lenyewe ni dogo.

Vilevile, sakafu ya Bonde la Ufa imejaa nyufa. Makalia na Enderit hukauka mara nyingi kabla ya kufika ziwani, na maji yaliyozama huenda yasifuate mipaka ya vijibonde iliyochorwa kwa kufuata miinuko ya juu.

Kwa hivyo, ripoti ya makadirio ya maji inapoletwa mbele ya bunge la kaunti au katika baraza la wananchi, kuna maswali manne ya kuulizwa kabla ya kuamini tarakimu zake. Ramani ya matumizi ya ardhi ni ya mwaka gani? Ni vipande gani vilivyofutwa? Je, ziwa limeruhusiwa kupanuka na kunywea? Na je, hesabu imelinganishwa na vipimo halisi vya mto kwa miaka mingapi?

Mwananchi hahitaji kuwa mhandisi ili kuuliza maswali hayo. Mkulima wa Nessuit anayejua msitu uliishia wapi mwaka wa 2001, na mkazi wa Barut anayejua maji yalifika mti gani mwaka wa 2020, wana ushahidi ambao programu yoyote ile yapaswa kupimwa nao.