Kutu ndani ya tangi la gari la zamani

Land Cruiser FJ40 ya miaka ya 1970 ikiingia gereji ya Wadi Kabir au Ghala, mjini Maskati, kufufuliwa, pesa huanzia kwenye rangi na viti. Tangi hukumbukwa baadaye, gari likianza vituko: linawaka vizuri, linakwenda kilomita chache, linakosa nguvu, linazima. Lipumzishe kidogo, linawaka tena kama halina neno. Wengi hukimbilia kabureta. Mara nyingi ni vumbi la kutu lililojikusanya kwenye chujio la bomba linalonyonya mafuta tangini. Injini ikizima mvuto unakatika, kutu inadondoka na njia inafunguka.

Hewa ya Maskati inalisha kutu hiyo. Tangi lililo nusu linapumua: mchana hewa ya ndani inatanuka na kutoka, usiku inapoa na kuvuta unyevu wa bahari. Bati la juu linatoka jasho, maji yanashuka na kukaa chini ya petroli kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Ndiyo maana kutu hushika juu, pasipofika mafuta, na chini kabisa kwenye mshono.

Tangi lazima litoke garini. Kwenye FJ40 za zamani liko chini ya kiti cha abiria, basi kiti ndicho cha kwanza kufunguliwa. Likishamwagwa mafuta ndipo linapokuwa la kuogopwa zaidi, maana mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Fundi akikuambia atalichomelea "kidogo tu", chukua tangi lako uondoke. Ukiwa nje, lioshe ndani kwa maji na sabuni mara kadhaa, mbali na moto na swichi za umeme. Vaa glavu, kwani petroli ya zama hizo ilikuwa na madini ya risasi.

Kisha gusa mshono kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, tafuta tangi jingine. Likiwa gumu, tia nati chache (zihesabu, usije ukaacha moja ndani) ulitikise mpaka magamba yatoke. Baada ya hapo lijaze mpaka mdomoni maji vuguvugu yenye asidi ya limau ya unga, ile ya mapishi, gramu 50 hadi 100 kwa lita, likae siku nzima. Siki nayo inafaa, ila ni ya polepole. Asidi kali ya kusafishia vyoo iache dukani: inakula chuma chenyewe, na mabaki yake yanaita kutu upya.

Kazi ngumu ni kukausha. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni cha kijivu, na katika joto la Julai kinaweza kugeuka rangi ya machungwa ndani ya dakika chache. Suuza haraka kwa maji yenye magadi kidogo, mwaga, tia spiriti, zungusha, mwaga tena. Spiriti inaondoka na maji. Malizia kwa kupuliza hewa, na kamwe usitumie mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa mvuke wa spiriti nao unawaka. Kompresa isiyo na kichujio cha maji hutema unyevu, kwa hiyo puliza kwanza kwenye gazeti uone kama linalowa. Anayeweza kusubiri asubiri miezi ya baridi.

Je, lizibwe ndani kwa rangi ya epoksi? Mafundi wengi huona hiyo ndiyo tiba. Mimi huziba tangi lenye vitundu vya sindano au mshono unaovuja tu. Lililo zima nalijaza petroli siku hiyohiyo. Rangi ya epoksi ikikuta unyevu au kutu iliyolegea haishiki, na baadaye hubanduka vipande vipande. Ukilazimika, ziba matundu yote, mimina epoksi, geuza tangi pande zote, kisha mwaga ziada yote isibaki dimbwi kwenye kona. Liache likauke kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, hata mwenye gari akipiga simu kila asubuhi.

Kabla ya pampu funga filta ya plastiki inayoonyesha ndani. Vumbi jekundu la siku za mwanzo ni mabaki: badilisha filta, endelea. Ukiona vipande laini vyenye rangi ya epoksi, tangi lishuke tena.