Hadithi za Kijijini Zilizozunguka Dunia

Ndugu wasomaji, tukisikia neno "maonyesho" wengi wetu tunafikiria Saba Saba au Nane Nane. Tunaona ng'ombe wa maziwa, mbegu bora za mahindi, matrekta na majembe. Je, hadithi nazo zaweza kuwekewa maonyesho? Ndiyo, zaweza.

Leo tunaeleza habari za maonyesho yaliyoko Uswidi, nchi ambayo wengi tunaiita Sweden. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilipata msaada kutoka huko.

Maonyesho yenyewe yako Näs, karibu na mji mdogo wa Vimmerby, katika jimbo la Småland. Yamewekwa kwa heshima ya mama mmoja, Astrid Lindgren, aliyeandika vitabu vya watoto. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 2007, miaka 100 tangu mama huyo azaliwe. Yeye alifariki mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 94.

MTOTO WA MKULIMA

Astrid alizaliwa hapo hapo Näs, tarehe 14 Novemba 1907. Wazazi wake, Samuel August na Hanna, walikuwa wakulima. Shamba halikuwa lao. Lilikuwa la kanisa, wao walilikodi.

Småland ni nchi ya misitu na mawe. Mkulima wa huko, kabla hajapanda kitu, ilimpasa ang'oe mawe shambani na kuyapanga yawe kuta. Watoto wa Samuel August walikuwa wanne, na wote walishika kazi. Walipunguza miche, walisaidia wakati wa mavuno. Kazi ikiisha, basi ni kucheza tu mpaka giza.

Sasa sikilizeni jambo hili. Hadithi ya kwanza iliyomwingia Astrid moyoni hakusomewa na mwalimu, wala na tajiri. Alisomewa jikoni, nyumbani kwa mtunza ng'ombe wa shamba lile. Binti wa nyumba hiyo, jina lake Edit, alijua kusoma. Akawasomea watoto hadithi ya jitu. Astrid alikuwa bado hajaanza shule. Baadaye alieleza kwamba kiu yake ya vitabu ilianzia katika jiko lile.

WAGENI WANAONA NINI?

Wageni wanaofika Näs wanaona nyumba nyekundu ya mbao alimozaliwa. Imetengenezwa ikafanana na ilivyokuwa utotoni mwake. Katika jengo la maonyesho wanaeleza maisha yake na vitabu vyake.

Pia kuna habari za mti mmoja mkubwa wenye uwazi ndani ya shina. Kwetu bundi anaogopwa, lakini watoto wale waliupanda mti wa bundi bila wasiwasi. Kaka yake Astrid, Gunnar, aliweka yai la kuku katika kiota cha bundi. Ati kifaranga akaanguliwa! Kisa hicho Astrid alikitia kitabuni. Na mti wenyewe ukaingia katika kitabu kingine, kinachomhusu msichana Pippi. Humo kitabuni mti huo una soda ndani yake, watoto wanachukua na kunywa.

Karibu na Vimmerby kiko kijiji cha Sevedstorp, alikokulia baba yake. Kina nyumba tatu zilizopangana. Astrid alikiandika katika vitabu vyake, kwa jina jingine. Baba yake alikuwa msimulizi hodari. Masimulizi ya utoto wake yalimsaidia Astrid kumtunga mtoto mtundu aitwaye Emil, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1963. Samuel August alifariki mwaka 1969. Yeye amekwenda, lakini maneno yake yanasomwa mpaka leo.

ALIANZAJE KUANDIKA?

Mwaka 1941 binti yake, Karin, aliugua mapafu. Akamwomba mama amsimulie habari za Pippi, jina alilolibuni mtoto mwenyewe. Mama akasimulia kwa mdomo tu, siku baada ya siku. Mwaka 1944 aliteleza barabarani wakati wa theluji, akateguka mguu. Alipokuwa amelala kitandani ndipo alipoziandika hadithi zile, akampa Karin siku alipotimiza miaka 10. Wachapishaji wa kwanza walizikataa. Hakukata tamaa. Mwaka 1945 kitabu kikatoka kwa wachapishaji wengine. Leo vitabu vyake vimefasiriwa katika lugha zaidi ya 100.

NA SISI JE?

Ndugu wasomaji, Astrid hakutoka katika nyumba ya kifalme. Alitumia alichokuwa nacho: mawe, ng'ombe, mti, maneno ya baba yake. Vitu hivyo hata kwetu vipo. Mibuyu ipo. Visa vya sungura na fisi vipo. Wazee wanaojua kijiji kilivyoanza wapo, lakini kila mwaka wanapungua. Mzee akizikwa na habari zake hazijaandikwa, tutamwuliza nani?

Sisi tuliosoma kisomo tunayo kazi ya kufanya:

1. Chukua daftari na kalamu. Mwombe bibi au babu akusimulie kisa kimoja tu.

2. Andika kama alivyosema, kwa maneno yake. Usiyapambe.

3. Andika jina lake, jina la kijiji, na tarehe.

4. Msomee yeye mwenyewe. Palipokosewa atakusahihisha.

5. Jioni wasomee watoto jikoni, kama Edit alivyofanya.

Pengine katika watoto hao yumo mmoja ambaye kiu ya vitabu itamshika siku hiyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hadithi nazo ni mali. Tuziandike wenyewe wangali hai.