Kamba ya Mwani na Mgonjwa wa Akili

Aliyetoka wodini Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Unguja, akarudi kijijini kwao Bwejuu, kwa kawaida hakosi watu. Ndugu wamo nyumbani, majirani wanapita kumpa pole, chakula kinamfikia. Anachokosa ni mahali ambapo asipoonekana ataulizwa. Upatu haingizwi, kwa hofu kuwa hatatoa zamu yake, dukani hatumwi, kwenye shughuli anawekwa pembeni apumzike. Tumemhifadhi, tukadhani tumemuunganisha na wenzake.

Hata hivyo hifadhi hiyo isidharauliwe. Juli McGruder, Mmarekani aliyechunguza familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia na kumaliza tasnifu yake mwaka 1999, aliona kwamba kuyapokea maradhi kama mtihani wa Mungu, au kazi ya mashetani, kulimpunguzia mgonjwa lawama na karipio. Lakini kutolaumiwa ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili inaonekana Harare. Dk. Dixon Chibanda alianzisha huko, mwaka 2006, utaratibu wa mabibi wa mtaani waliofunzwa kukaa benchini na kumsikiliza mwenye sonona. Jaribio la watu 573 katika zahanati 24, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopita benchini walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Utaratibu huo umefika Zanzibar pia. Mimi kinachonivutia zaidi ni kinachofuata baada ya benchi: wagonjwa huingia vikundi vya kusuka mikoba kwa plastiki iliyotumika, na mazungumzo huja yenyewe mikono ikiwa kazini.

Bwejuu haina haja ya kuagiza mikoba. Tangu mwani uanze kulimwa kibiashara pwani ya mashariki, mwaka 1989, kinamama hukaa kivulini wamenyoosha kamba, wakifunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia, kisha bamvua maji yakipwa wakashuka nazo. Kazi hii inamvumilia asiyependa kusema. Aliyelegezwa na dawa akifunga kamba moja wakati mwenzake kamaliza tatu, ile moja nayo inakwenda baharini. Na siku ya kukutana haipangwi na mtu, inapangwa na maji, kwa hiyo hakuna anayesubiri kualikwa.

Atakuja mtu aseme: kijiji hichohicho ndicho kinachomwita chizi. Ni kweli, na kundi kubwa laweza kumrudisha nyumbani na maumivu zaidi. Basi aanze na watu watatu wanne, naye mwenyewe aamue nini waambiwe kuhusu maradhi yake. Mwingine atasema dawa kwanza. Asiyelala, au anayesikia sauti, kweli atangulizwe hospitali, na ile ya Makunduchi ni karibu kuliko ya mjini. Lakini wenzake wa kamba ndio watakaowahi kugundua ameacha vidonge. Pingamizi zito ni la kinamama wenyewe, kwamba bei ya mwani ni ndogo na mizigo wanayo tayari. Hilo halijibiwi kwa nasaha. Mhudumu wa afya awafuate ufukweni mara kwa mara, wasiachiwe mgonjwa peke yao. Na kamba alizofunga mgonjwa zihesabiwe kama za wengine, malipo apewe yeye mkononi, yasipitie kwa kaka yake.